Twende Oman, Lakini Tukubaliane Kwanza

Oman ni nchi ya kusafiri wawili. Mabasi ya Mwasalat yapo, masafi na ya uhakika, na yanakwenda Nizwa, Sur na hata Salalah. Lakini yanakushusha barabara kuu, ilhali mambo yanayomfanya mtu aipende nchi ile yako ndani: vijiji vilivyojengwa ubavuni mwa majabali, makorongo yenye maji ya kijani, nyumba za udongo katikati ya mashamba ya mitende. Huko kunataka gari. Gari la kukodi lina bei ile ile akipanda mmoja au wanne, na chumba cha hoteli vivyo hivyo, kwa hiyo aliye peke yake anaumia. Mkizidi wawili nako kuna tabu yake, maana kila kituo kinageuka kikao. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za kwenda Oman, huanza kwa kumuuliza anakwenda na nani. Ya msimu na hoteli huja baadaye.

Mimi nimeizunguka na rafiki yangu wa tangu shule. Yeye ni Mzanzibari mwenye shangazi na binamu kule Muscat. Mimi ni mtu wa Tanga, sina ndugu hata mmoja ng'ambo ile. Tofauti hiyo ilitulazimisha kuzungumza mapema mambo ambayo marafiki wengi huyaacha mpaka yawachome. Nayaandika hapa kwa sababu naipenda nchi ile na nauthamini urafiki, na nimewaona watu waliotoka pamoja wakicheka wakarudi hawasemezani.

Rafiki mwema wa nyumbani si lazima awe mwema njiani. Nyumbani mnakutana mkiwa mmekula na kuoga, mnaongea saa mbili tatu, kisha kila mmoja anarudi kwake. Njiani mnaonana mkiwa na njaa, mkiwa na usingizi, mkiwa na joto, na mkiwa mbele ya mtu anayedai pesa. Yule rafiki mchelewaji ambaye mtaani mnamtania ndiye atakayewakosesha mnada wa mifugo wa Nizwa, ambao ni Ijumaa asubuhi peke yake na jua likipanda umekwisha. Tabia ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa zinakugharimu.

Kwa hiyo, kabla ya tiketi, kaeni chini. Kila mmoja aandike mambo matatu ambayo akirudi bila kuyaona atajihisi hakwenda. Aandike peke yake, bila kuchungulia karatasi ya mwenzake. Kisha ziwekeni karatasi mbili juu ya ramani. Oman ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kama theluthi moja ya Tanzania, na sehemu kubwa ya katikati ni jangwa. Kutoka Muscat hadi Salalah ni kilomita 1,000 hivi, na njia nyingi ni tambarare isiyo na kitu. Kama mmoja ameandika Salalah na mwingine ameandika majabali ya kaskazini, na likizo yenu ni ya wiki moja, hapo mna jambo la kuamua, na ni heri liamuliwe sebuleni kuliko kwenye kituo cha mafuta. Uamuzi wangu kwa wanaokwenda mara ya kwanza ni kuiacha Salalah. Izungukeni kaskazini: Muscat, Nizwa, majabali, mchanga wa Sharqiya, Sur, kisha mrudi Muscat kwa barabara ya pwani.

Isipokuwa mkienda kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Miezi hiyo Muscat hupita nyuzi 40 na matembezi ya mchana ni adhabu, lakini Salalah iko ndani ya majira yao ya mvua, wanayoyaita khareef: ukungu, manyunyu, milima ya kijani, na barabara zimejaa familia kutoka nchi zote za Ghuba. Hapo pandeni ndege kwenda Salalah na mkodi gari huko huko. Kwa safari ya kaskazini, Oktoba hadi Machi ndiyo miezi yake. Angalieni pia kalenda ya Ramadhani. Mchana wa Ramadhani kula na kunywa hadharani ni marufuku kwa kila mtu, awe Mwislamu au la, na mikahawa mingi hufungwa mpaka magharibi. Wawili wanaofunga wataiona Oman kwa uzuri wa pekee. Lakini kama mmoja anafunga na mwingine hafungi, mwendo wa siku zenu hautalingana, na kila mchana kutakuwa na mmoja anayejizuia kwa ajili ya mwenzake.

Viza za watalii hushughulikiwa kwa mtandao na Polisi ya Kifalme ya Oman. Hapa marafiki hufanya kosa la kudhani kwamba jibu la mmoja ni jibu la wote wawili. Ikiwa wewe una pasi ya Tanzania na mwenzako ana ya Kenya, au ya Uingereza kwa kuwa amehamia huko, masharti yenu huenda yakawa tofauti kabisa. Kila mmoja ahakikishe ya pasi yake, mwenyewe, kwa macho yake, kabla ya kulipa nauli.

Sasa fedha, ambayo ndiyo huvunja safari nyingi.

Rial ya Oman ni pesa nzito. Imefungamanishwa na dola ya Marekani, rial moja kwa dola 2.60 hivi, na hugawanywa katika baisa 1,000. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu noti za elfu kumi, noti ya rial tano inaonekana kitu kidogo, na hapo ndipo mkono unapolegea. Siku za mwanzo mtu hununua ubani, udi, kofia na halwa, na akija kupiga hesabu anakuta ametumia kodi ya nyumba. Wawili wenye vipato tofauti wataumizana hapa bila kukusudia. Mwenye kipato kikubwa husema "si rial kumi tu", na mwenzake hunyamaza. Ukimya wa namna hiyo ni hatari kuliko ugomvi. Semeni bajeti kwa tarakimu kabla ya kuondoka, na bajeti ya safari ifuate uwezo wa mwenye kidogo. Mwenye ziada atumie ziada yake kwa mambo yake binafsi, si kwa kupandisha hoteli ya wote.

Njia iliyotufaa ni mfuko mmoja wa pamoja. Kila mmoja anatia kiasi kilekile, na humo hutoka mafuta, vyumba, chakula cha pamoja, maji, viingilio. Zawadi, mavazi na vitu vya shauku havigusi mfuko. Mmoja hushika mfuko, mwingine huandika. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la safari halitaki ufundi: tarehe, kitu, kiasi. Kuandika si dalili ya kutoaminiana. Kunamwondolea kila mmoja kazi ya kukumbuka, kwa sababu kumbukumbu za watu wawili kuhusu nani alilipa chakula cha Jumanne hazifanani kamwe.

Gari nalo lina hesabu yake. Kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo ya dereva mkuu na hushikilia dhamana juu yake. Barabara za Oman zina kamera nyingi za mwendo kasi, na kwenye barabara kuu kikomo huwa kilomita 120 kwa saa. Faini haiji siku hiyo. Huja baadaye, wakati mwingine mmekwisha rudi, na hukatwa kwenye kadi ya yule yule aliyesaini. Kubalianeni mapema kwamba aliyeshika usukani siku ile ndiye mlipaji, na muandike kwenye daftari nani aliendesha kipande kipi cha njia. Hakikisheni pia kwamba majina yenu wote wawili yamo kwenye mkataba. Dereva asiyeandikwa akipata ajali, bima huenda isiwalinde, na hapo hakuna urafiki utakaolipa gari. Leseni za nyumbani zifuatane na leseni za kimataifa.

Ukitoka Tanzania, Kenya au Uganda, umezoea kuendesha upande wa kushoto. Oman ni kulia, na usukani uko kushoto mwa gari. Barabara kuu haitakusumbua, kwa kuwa magari yaliyo mbele yanakuongoza. Hatari iko pale unapotoka kituo cha mafuta alfajiri, barabara tupu, na mazoea ya miaka yote yanakuvuta upande usio wako. Hatari nyingine ni kiplefti, na Oman ina viplefti vingi. Kwa hiyo aliyekaa kiti cha abiria ana kazi. Asilale, asizame kwenye simu. Kila mnapoingia barabarani aseme kwa sauti, "Kulia." Kila mnapokaribia kiplefti aseme, "Anayetoka kushoto apite kwanza." Na dereva asichukie kuambiwa. Hilo lisemwe siku ya kwanza, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, kabla injini haijawashwa. Kama mmoja wenu ni mtu wa kuchukia kuelekezwa, basi yeye awe abiria.

Asiyeendesha kabisa asijione mzigo. Ashike ramani, atafute maji na chakula, awapigie simu wenye nyumba za wageni, ajaze daftari. Na dereva apewe siku ya kupumzika mahali pasipohitaji gari. Misfat al Abriyeen panafaa sana kwa hilo, kijiji cha mawe na udongo juu ya mji wa Al Hamra, ambako baadhi ya nyumba za kale zimekuwa nyumba za wageni na maji ya falaji hupita chini ya mitende na migomba mchana kutwa. Falaji ni mifereji ya kale inayoshusha maji kutoka milimani kwa mteremko peke yake, bila pampu, na kila shamba hupata maji kwa zamu iliyopimwa. Mitano kati yake iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Tembeeni ukingoni mwa mfereji asubuhi, kaeni. Mtu aliyeendesha majabalini anahitaji siku kama hiyo.

Kuhusu majabali yenyewe, msibanie gharama. Njia ya kupanda Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi pale Birkat al-Mawz, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupita. Wawili waliochukua gari dogo ili kuokoa pesa hurudishwa pale, na lawama huanza hapo hapo. Kama mmoja anataka mlima na mwingine anataka unafuu, kodini gari kubwa kwa siku za mlima tu, au mlipie dereva wa huko awapandishe. Juu, kwenye uwanda wa Sayq, ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Januari baridi yake ni ya kweli, chukueni sweta. Mwezi wa Aprili wenyeji huchuma mawaridi na kukamua maji ya waridi, na kama tarehe zenu zinaruhusu, kupanda huko hakuna mfano.

Nizwa ndipo ninaposhauri muachane kwa mara ya kwanza. Ngome yake ina mnara wa duara wenye kipenyo cha zaidi ya mita 30, uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif al-Ya'rubi, yule aliyewafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650. Mwanawe Saif ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Mtu wa pwani yetu anayependa historia anaweza kushinda mle nusu siku, akipanda ngazi zenye vishimo vya kumwagia asali ya tende iliyochemshwa juu ya adui. Lakini mwenzake huenda hapendi ngome. Amekwisha iona moja na imemtosha, anataka soko la tende na vyungu vya Bahla. Basi aende! Mkutane saa saba, mahali palipotajwa kwa jina, kila mmoja akiwa na laini ya simu ya Oman na pesa zake mfukoni.

Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Marafiki huogopa kuachana safarini kwa kudhani ni dalili ya kuchokana. Mimi naona kutoachana ndiko kunakochosha. Saa mbili tatu kila siku, kila mtu na njia yake, hurudisha mazungumzo. Jioni mnapokaa juu ya chai ya karaki kila mmoja ana habari ambayo mwenzake hana. Bila hivyo mtakuwa mmeona yale yale, mmekula yale yale, na kilichobaki ni kulalamikia joto.

Kuna pia kuachana kunakolazimishwa na mwili. Wadi Shab, korongo lenye maji kwenye barabara ya pwani kati ya Muscat na Sur, ni mfano mzuri. Mnavuka kwa boti ndogo, mnatembea kama dakika 45 juu ya mawe, kisha mwisho wa njia ni maji, na ili kulifikia pango lenye maporomoko lazima uogelee. Asiyejua kuogelea asishawishiwe, na asiaibishwe. Akae kivulini na mizigo, na yule anayeingia aseme atarudi saa ngapi, arudi saa hiyo. Vivyo hivyo Jebel Shams, ambako njia ya miguu hupita ukingoni mwa korongo refu sana hadi kijiji kilichohamwa. Mwenye kizunguzungu ana haki ya kusema hapana mara moja bila kuulizwa tena. Na mbingu zikifunga mawingu upande wa milima, safari ya wadi imekufa siku hiyo kwa wote wawili, hata kama hapo mlipo jua linawaka. Mafuriko hushuka kutoka mbali, kwa ghafla. Kuendesha gari ndani ya wadi inayotiririka ni hatari na ni kosa la jinai. Katika mambo ya usalama, kura ya mwoga ndiyo ipite.

Mchanga wa Sharqiya msiuingie peke yenu kwa gari lenu. Kambi nyingi za huko huwachukua wageni mjini Bidiyah. Liacheni gari hapo. Mkipita Ibra siku ya Jumatano na ninyi ni wanawake, simameni, kwa sababu siku hiyo kuna soko la wanawake linalouza vitambaa, dawa za asili na manukato. Sur ni ya wote. Pale ufukweni limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951 na kununuliwa tena kutoka Yemen mwaka 1993. Majahazi ya Sur ndiyo yaliyoshuka kwa kaskazi na tende na samaki wa chumvi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko. Mtu wa pwani akisimama pale haoni ugeni. Ras al-Jinz iko mbele kidogo, hifadhi ambako kasa hupanda ufukweni kutaga usiku. Wekeni nafasi mapema, kwa kuwa huingii bila mwongozaji.

Nimeacha kwa makusudi jambo la ndugu, kwa sababu linataka nafasi yake.

Watu wengi wa Zanzibar, Pemba, Mombasa na Lamu wana jamaa Oman, na wapo wenye jamaa huko kutoka Tabora, Kigoma hadi Bujumbura. Mwenye jamaa hawezi kupita Muscat kimyakimya. Shangazi akisikia umelala hotelini hatakusamehe. Basi rafiki asiye na ndugu hujikuta siku ya kwanza anaingizwa kwenye sebule ya watu asiowajua, anapewa kahawa, tende na halwa, kisha chakula, kisha chakula kingine, na ratiba yote imekwisha kuyeyuka. Ukarimu ule ni wa dhati, na nimeupokea kwa shukrani kubwa. Lakini wawili hawa wana haki tofauti ndani ya nyumba ile, na jukumu ni la mwenye ndugu.

Apige simu kabla ya kuondoka. Aseme wazi: Shangazi, nakuja na mwenzangu, tutapita majabalini na Sur kwanza, kisha siku za mwisho ni zako. Kuweka jamaa mwishoni kuna faida mbili: safari yenu inakuwa imeshafanyika, na mnafika mkiwa na cha kusimulia. Siku ya kuwasili, mpite tu kuamkia, na mseme mnaondoka lini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni mwema hasubiri kupewa. Zawadi itoke kwa wote wawili, si kwa mwenye ndugu peke yake: karafuu, kanga za jina zuri, kikapu cha ukindu. Matunda mabichi na miche ya mimea ina masharti ya mpakani, ulizeni kwanza.

Ndani ya nyumba, mwenye ndugu asimwache mwenzake. Mazungumzo yatahamia Kiarabu, yatahamia watu waliokufa zamani, na mgeni ataganda. Mvute ndani, mweleze nani ni nani. Katika nyumba nyingi wanaume na wanawake huketi vyumba mbalimbali. Kama ninyi ni mwanamume na mwanamke, mwenye ndugu amtafutie mwenzake mtu wa kukaa naye. Tena wawili wa namna hiyo, msiooana, chukueni vyumba viwili kila mnapolala. Na kwenye salamu, kila mmoja asubiri aone kama aliye mbele yake, wa jinsia nyingine, ananyoosha mkono.

Mazungumzo yakigusa mwaka 1964, sikilizeni. Wengi wa Waomani wanaozungumza Kiswahili ni watu, au watoto wa watu, walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka huo, na wengine waliitwa kurudi Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Wapo waliopoteza baba, nyumba, shamba. Upande mwingine, mgeni wa kutoka bara amekulia na historia ya misafara ya watumwa na soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, na hiyo nayo si hadithi ya kubuni. Ninyi wawili mnaweza kuwa mmelelewa na simulizi mbili zinazokinzana. Nawasihi mzizungumze nyumbani kabla ya kusafiri, kwa uwazi, ili mmoja wenu asije kuzisikia za mwenzake kwa mara ya kwanza mezani pa watu. Kwenye nyumba ya mwenyeji mzee, kazi ya mgeni ni kusikiliza na kuuliza kwa heshima. Barabarani, mkiwa wawili, semeni kila kitu. Mimi na mwenzangu tumeyasema yote kati ya Nizwa na Ibra, na sikumbuki mazungumzo yaliyotusogeza karibu zaidi.

Kiswahili chenyewe kiheshimuni. Msidhani soko la Mutrah, kule Muscat, ni mahali pa kusema watu kwa lugha ya siri. Muuza fedha mwenye kanzu na kilemba huenda amezaliwa Vuga, Zanzibar, na yule dada anayesukuma kigari cha mtoto huenda ametoka Singida au Kilifi, yuko kazini nyumbani kwa watu, na miezi imepita hajasalimiwa kwa lugha yake. Msalimieni. Mpeni muda wenu, kama ana nafasi.

Mavazi ni mepesi kueleza: mabega na magoti yafunikwe, na kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, mwanamke afunike nywele. Wasio Waislamu huingia humo Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Kama mmoja wenu ni Mwislamu na mwingine si Mwislamu, nendeni pamoja saa hizo, na yule anayetaka kusali arudi peke yake baadaye. Njiani pia, msafiri anayesali apewe nafasi bila kuhesabiwa dakika.

Mtagombana. Wawili wanaokaa ndani ya gari moja siku nyingi hugombana, na mara nyingi sababu ni njaa au usingizi. Wekeni sharti kwamba neno la hasira lisisemwe gari likiwa linatembea. Simameni, mle, mnywe maji, kisha aliyeudhika aseme kwa sentensi moja alichoudhika nacho, na mwenzake asimkatize. Msipelekeane ujumbe wa lawama kwa simu mkiwa chumba kimoja. Na msiwaite watu wa nyumbani kuwa mahakimu. Mama mtu akishaambiwa upande mmoja, ugomvi utawangojea uwanja wa ndege.

Kama hamjawahi kulala safarini pamoja, fanyeni jaribio la siku chache karibu na nyumbani kabla ya kulipia Oman: Lushoto, Lamu, Pemba, Kisoro, popote penu. Mkashindwa huko, mmepoteza nauli ya basi tu na urafiki mnao.

Na mkirudi salama, msifunge hesabu siku mliyotua. Subirini dhamana ya gari irudi kwenye kadi na faini, kama zipo, zijulikane. Kisha fungueni daftari mkiwa wote wawili, jumlisheni, na mwenye kudaiwa alipe wiki ile ile.